Mafuta ya Damu, Jeni na Dimenshia: Jibu la Ulaya Halitoshi Nairobi

Mtu wa makamo anayepimwa mafuta ya damu jijini Nairobi hurudi nyumbani na karatasi yenye tarakimu nne: kolesteroli kwa jumla, LDL (iitwayo kolesteroli mbaya), HDL (iitwayo nzuri) na triglaiseridi. Kwa miaka mingi karatasi hiyo imesomwa kwa ajili ya moyo na kiharusi. Mwaka wa 2024, tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet iliingiza LDL iliyopanda katika umri wa makamo kwenye orodha ya mambo 14 yanayochangia dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) na yanayoweza kudhibitiwa, ikaipa takriban asilimia 7 ya visa vyote duniani. Aliyemwona mama yake akisahau hata majina ya wanawe sasa ana sababu ya kuuliza kama jeni alizorithi kwake ndizo zinazopandisha mafuta hayo, na kama ndizo zitakazomfikisha yeye pia alikofika mama.

Wanaoamini kwamba mafuta ya damu na dimenshia vina mzizi mmoja huanza na jeni ya APOE, iliyoko kwenye kromosomu ya 19. Jeni hiyo hutengeneza protini inayosafirisha mafuta mwilini, na kila mmoja wetu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwaka wa 1993 kundi la Allen Roses katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilionyesha kwamba aina yake iitwayo ε4 inahusiana na ugonjwa wa Alzheimer wa uzeeni, aina ya dimenshia inayoonekana zaidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya ε4 huongeza hatari karibu mara tatu, na nakala mbili huiongeza mara nane hadi kumi na mbili. Aina hiyo hiyo huelekea kupandisha LDL. Baadaye zilipatikana jeni nyingine za Alzheimer ambazo nazo zina mkono katika shughuli za mafuta, kama vile CLU na ABCA7, na hii ya pili ina uzito zaidi kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika.

Lakini APOE ni mpagazi mmoja anayebeba mizigo katika masoko mawili. Inayozunguka kwenye damu hutoka zaidi kwenye ini. Iliyo ndani ya ubongo hutengenezwa humo humo. Kolesteroli ya damu, kwa kawaida, haivuki ukuta unaoutenga ubongo na mishipa, na ubongo, ambao una karibu moja ya tano ya kolesteroli yote ya mwili, hujitengenezea yake. Isitoshe, APOE huhusika katika kuondoa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Kwa hiyo ε4 inaweza kuharibu kumbukumbu kwa njia yake na kupandisha LDL kwa njia nyingine, bila moja kuizaa nyingine. Ndiyo maana watafiti wanapoiondoa APOE kwenye hesabu, uhusiano kati ya jeni za LDL na Alzheimer mara nyingi hufifia.

Je, hoja imekwisha hapo? Sidhani. Wapo waliozitazama jeni ambazo kazi yake ni LDL tu, wakiuchukulia urithi kama kura iliyopigwa kabla ya mtu kuzaliwa, kura ambayo haijui nani atakula nini wala nani atapata tiba. Utafiti wa Copenhagen wa mwaka wa 2017, uliohusisha watu zaidi ya 111,000, haukuona kwamba kuzaliwa na LDL ya chini kunauumiza ubongo. Mwaka wa 2025 watafiti wa Copenhagen na Bristol, wakiwa na taarifa za watu zaidi ya milioni moja, waliona kwamba waliorithi jeni zinazofanya kazi kama dawa za kushusha kolesteroli walikuwa na hatari ndogo ya dimenshia. Wapinzani hutaja majaribio mawili makubwa ya statini, dawa za kushusha kolesteroli, yaliyochapishwa mwaka wa 2002, moja la watu 20,536 na jingine la wazee 5,804 wa miaka 70 hadi 82, ambayo hayakuona kinga yoyote ya akili. Mimi naona majaribio hayo yanajibu swali jingine: dawa ya miaka mitatu au mitano, tena kwa mtu aliyekwisha kuzeeka, haiwezi kulinganishwa na LDL ya chini ya maisha mazima. Zaidi ya hayo, kolesteroli ya mgonjwa yenyewe huweza kushuka miaka kadhaa kabla ya dalili kuonekana, jambo linalowafanya wazee wenye tarakimu nzuri waonekane kama waathiriwa wa tarakimu hizo.

Mizani yangu, basi, inaelemea upande wa wanaosema LDL ya makamo ina mchango wake, ingawa mdogo kuliko vichwa vya habari vinavyodai. Kinachonizuia kusema kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba takriban ushahidi wote huo ni wa Wazungu. Utafiti uliolinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis uligundua kwamba Alzheimer ilijitokeza Ibadan kwa kiwango kisichofika nusu ya kile cha Indianapolis, na kwamba ε4 haikuwa na nguvu ileile kwa Wayoruba. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa Nyeri uliikuta ε4 kwa watu wengi, bila kuiona ikiwatenga wagonjwa na wazima.

Jambo la Ibadan lililonishangaza zaidi ni jingine. Mwaka wa 2006 watafiti hao waliripoti kwamba kolesteroli na LDL zilipopanda, hatari ya Alzheimer ilipanda kwa wale wasiokuwa na ε4. Kwa wenye ε4 uhusiano huo haukuonekana. Yaani mtu ambaye kipimo cha jeni kingemwambia yuko salama ndiye ambaye mafuta yake ya damu yalikuwa na la kusema.

Nairobi inazo baadhi ya taarifa za kuanzia. Wakazi wa Korogocho na Viwandani wa miaka 40 hadi 60 walipimwa mafuta ya damu na jeni katika utafiti wa AWI-Gen, uliofanyika katika nchi nne za Afrika. Huo ndio umri ambao Lancet inauzungumzia, na watu hao wakifuatiliwa hadi uzeeni, jibu la Ibadan litathibitishwa au litakanushwa na watu wetu wenyewe. Kwa sasa anayetaka kulipia kipimo cha APOE ajue kwamba majibu atakayosomewa yamekadiriwa kwa miili ya Ulaya. LDL ni rahisi kupima, na kuna dawa ya kuishusha ambayo moyo na mishipa vitanufaika nayo hata ikiwa ubongo hautaambulia kitu. Ningesikitika kumwona mtu akiacha tembe zake za statini kwa sababu tu ameambiwa hana ε4.