Kwenda na kurudi, au kulala mbugani? Hesabu ya jua kwa mpiga picha anayetokea Unguja

Kuanzia Shangani hadi Nungwi, ni vigumu kukuta duka la safari lisilotangaza safari ya siku moja ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Unaondoka alfajiri kwa ndege ndogo, unaona tembo, twiga na viboko, na baada ya magharibi umeshakaa mezani hotelini kwako. Wengi wameifurahia. Kwa mwenye kamera begani, hata hivyo, mjadala unazidi kupamba moto baina ya wauzaji, waongozaji na wapiga picha wetu wenyewe wa visiwani: anayekwenda kwa ajili ya picha anunue safari hiyo, au alale huko? Wanaomwambia alale husemwa kwamba wanapigia debe kambi za kitalii. Naona wanaonewa. Hoja yao inaanzia kwenye jua, na jua halilipi mtu kamisheni.

Kwanza haki ya upande wa pili. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na wengi wao wamefuata bahari. Aliyekuja kwa wiki moja, ana watoto wadogo, amelipia chumba Paje na hataki kufungasha mizigo upya, safari ya siku moja inamfaa. Mzee asiyetaka kulala hemani akisikia fisi naye ana haki ya kumwona simba kabla hajarudi kwao. Fedha za safari hizo zinawalisha watu wetu: muuzaji wa Mji Mkongwe, dereva anayewachukua wageni usiku wa manane kutoka mashamba, na mwongozaji anayewapokea upande wa bara. Yuko pia mfanyakazi wa hoteli ambaye mapumziko yake ni siku moja tu kwa wiki. Kumwambia huyo kwamba siku moja haitoshi bila kumwonyesha njia nyingine ni kumfungia mlango.

Haya, tuje kwenye jua. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likichomoza hupanda karibu wima. Nyerere iko kusini kidogo ya latitudo yetu, na pale Julai saa moja tu baada ya kuchomoza, jua limeshafika nyuzi 13 hivi juu ya upeo. London mwezi Juni hupanda kwa takriban nusu ya kasi hiyo. Ndiyo maana mpiga picha kutoka Ulaya, aliyezoea mwanga laini wa dhahabu unaokaa muda mrefu, hufika kwetu akidhani ana asubuhi nzima. Hana. Ana chini ya saa moja ya ule mwanga unaolala ubavuni mwa mnyama, unaotenganisha manyoya na majani, unaoingia machoni mwa chui na kuyawasha. Jioni ni hivyo hivyo, kinyumenyume.

Sasa iweke ratiba ya ndege juu ya hesabu hiyo. Kwa kawaida ndege za safari ya siku moja huruka Unguja saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu asubuhi, zikatua kwenye kiwanja cha changarawe huko hifadhini mnamo saa moja na nusu. Watu wanashuka, wanakwenda msalani, wanapewa maelezo, wanagawanywa magarini. Ukipiga picha yako ya kwanza ya maana saa mbili, umewahi. Julai jua la Nyerere hutoka kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa hiyo saa mbili limeshapanda nyuzi 18 hivi: mwanga bado unavumilika, ila ule wa dhahabu umekwisha. Novemba hali ni mbaya zaidi. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili kamili, na wewe unapoinua kamera lina saa mbili angani na kivuli cha swala kimeanza kujikunja chini ya tumbo lake.

Ncha ya pili ya siku, jioni, inauma zaidi, kwa sababu hakuna wa kuirekebisha. Ndege lazima irudi Unguja mapema, basi saa kumi au kumi na nusu alasiri unaitwa kiwanjani. Jua litazama saa kumi na mbili na kitu. Wakati tembo wanaanza kushuka kwenye maziwa kunywa maji, wakati minazi-mwitu ile ya mivumo kwenye kingo za mto Rufiji inaanza kuchora vivuli virefu na vumbi linageuka rangi, wewe umefunga mkanda unatazama bawa la ndege. Mgeni aliyelipia siku nzima ya mbugani ameuziwa, kwa upande wa picha, kipande cha katikati tu. Hakudanganywa na mtu. Ndivyo ratiba ilivyo. Lakini hakuambiwa pia.

Anayelala mara mbili, hata akiingia kwa ndege ile ile ya asubuhi na kuondoka siku ya tatu baada ya chakula cha mchana, anapata jioni mbili na asubuhi mbili. Nafasi nne dhidi ya sifuri. Hapo hatujahesabu kwamba asubuhi ya pili dereva ameshajua unachotafuta, na kwamba mahali ulipowaona mbwa mwitu wakilala jana jioni unaweza kuparudia kabla jua halijatoka vizuri. Mbwa mwitu ni miongoni mwa hazina kubwa za Nyerere, na hawana ahadi na mtu. Kuwapata ni kurudia, na kurudia kunataka usiku katikati.

Watetezi wa siku moja wana jibu zuri hapa, na lazima lisikilizwe: mchana nao una picha. Ni kweli. Siku ya mawingu ya vuli, anga lote hugeuka kuwa pazia jeupe na unaweza kupiga hata saa sita bila kivuli kikali usoni mwa mnyama. Na juu ya mto, jua la utosi linakupa kitu ambacho alfajiri haina, yaani mwanga mwingi wa kukuruhusu kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, bila kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi picha ikajaa chembechembe. Keremkerem wakitoka na kuingia kwenye mashimo yao ya ukingoni, mdiria akijitupa majini, furukombe akinyakua samaki: hizo ni picha za mchana na za mashua. Ningekuwa na siku moja tu ningeiweka karibu yote kwenye mashua ya Rufiji, nikaacha kumkimbilia simba aliyelala kichakani.

Nje ya mto, mchana ni mgumu. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na lenzi ya milimita 400 au 600 huukuza mtetemeko huo pamoja na mnyama. Mtu hurudi nyumbani na picha za twiga wa mbali zilizolegea, akailaumu lenzi au mkono wake, na kumbe ni joto. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Dawa ni kumsogelea mnyama au kupiga asubuhi.

Kumsogelea ndiko kunakonitia wasiwasi. Mwenye saa nane tu hifadhini anataka simba, tembo, kiboko na mamba kabla ya saa kumi, na dereva anajua hivyo. Hapo ndipo gari linapotoka nje ya njia, linamkatia mnyama mbele, linazimwa hatua chache kutoka kwa mama mwenye watoto. Nakiri kwamba haraka si ugonjwa wa watu wa siku moja peke yao. Julai 2025 zilienea video za watalii walioshuka magarini kando ya Mto Mara, Serengeti, wakawazibia njia nyumbu waliotaka kuvuka, na ni wazi kwamba wengi wa wanaofika kule juu hulala siku kadhaa. Kulala peke yake hakumfundishi mtu adabu. Kunaondoa sababu moja kubwa ya kuikosa.

Tena gari lenyewe. Safari ya siku moja kwa kawaida ni ya kuchangia: watu sita, kila mmoja na hamu yake. Mpiga picha anataka injini izimwe nusu saa mbele ya kundi la pundamilia kwa kuwa dume mmoja anaonyesha dalili za kupigana. Wenzake wameshaona pundamilia, wanataka twende. Wote wana haki. Ukiwa unapanga safari ya picha na fedha hazitoshi kwa kila kitu, punguza hadhi ya chumba kabla ya kukubali kuchangia gari na watu usiowajua. Bora wapiga picha wanne wa Unguja wachangiane gari lao kuliko kila mmoja alale kambi nzuri peke yake.

Suala la bei ndilo lenye nguvu zaidi upande wa pili, na wengi wanaohubiri kulala hulikwepa. Kambi za ndani ya Nyerere ni ghali. Mloka, nje ya lango la Mtemere, kuna malazi nafuu, ila ukilala nje unasubiri lango lifunguliwe saa kumi na mbili, na mwezi kama Novemba jua linakupita pale pale langoni. Ni hasara ndogo ukilinganisha na kufika saa mbili. Naikubali.

Kwa kijana wa Kizanzibari, hata hivyo, sioni sababu ya kuanza na Nyerere wala na ndege. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kwa dola. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Boti ya asubuhi kutoka Malindi, treni ya mchana, basi la kuelekea Iringa, na jioni uko Mikumi, mji mdogo wa barabarani wenye nyumba za wageni za bei ya kawaida. Hifadhi yake ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wa Mkata uko wazi kiasi kwamba tembo, nyati na pundamilia wanapigika bila kupigana na vichaka. Gari la kukodi unalipata hapo hapo mjini. Kwa fedha ya siku moja ya ndege, nina hakika vijana wanne watalala siku mbili na kupata gari lao. Ipo pia Saadani, hifadhi inayogusa Bahari ya Hindi upande wa pili wa mkondo wetu. Wanyama wake si wengi kama wa Mikumi, lakini kuna mto Wami, na kuna picha ya ufukwe na nyika katika fremu moja ambayo Serengeti haikupi.

Najua watakaosema: kama mtu analala, si aende Serengeti akapige nyumbu wakivuka? Aende akiweza. Ajue tu kwamba nyumbu hawavuki kwa miadi, na kwamba kati ya Julai na Oktoba anaweza kukaa siku tatu Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, akitazama kundi likisogea mtoni na kurudi nyuma. Kwa safari ya kwanza ya mtu anayejifunza, swala wa Mikumi katika mwanga mzuri atamfundisha mengi zaidi.

Msimu nao usichaguliwe kwa mazoea ya pwani. Kipupwe, Juni hadi Septemba, nyasi zimepungua na wanyama wanafuata maji, na asubuhi jua linachelewa kidogo, jambo zuri kwa asiyeamka mapema. Masika njia nyingi za Nyerere hazipitiki na kambi kadhaa hufunga. Vuli ni kamari yenye anga la kupendeza. Nguo nyeusi na za buluu ziachwe nyumbani, maana mbung'o huzifuata.

Anayeruka akumbuke mzigo: ndege hizi ndogo huruhusu kilo 15 kwa kawaida, kwenye begi laini. Lenzi kubwa na tripodi zinaweza kula theluthi ya hizo, na tripodi ndani ya gari haina pa kusimama. Mwambie fundi wa Darajani akushonee mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, uende nao mtupu, ukaujaze mchele au maharage kambini, uuweke dirishani na lenzi juu yake.

Na yule mfanyakazi wa hoteli mwenye siku moja? Kwake ningesema msitu wa Jozani, hapa hapa Unguja. Kima punju wamewazoea watu, wanakula kwenye miti ya chini karibu na barabara ya kusini, na unaweza kuwa hapo asubuhi bila ndege wala boti. Mpemba ana Kidike na popo wake wakubwa wanaoruka jioni. Huko ndiko pa kujifunza kumsubiri mnyama ageuze kichwa, ili likizo ya mwaka ikifika asizitumie siku zake za Mikumi kuisoma kamera.

Siombi safari ya siku moja ifutwe. Naomba wauzaji waandike kwenye matangazo yao saa ya kutua hifadhini na saa ya kuondoka, kwa herufi kubwa kama walivyoandika bei, na mgeni akiingia dukani na lenzi ndefu begani aulizwe kwanza amekuja kutazama au kupiga picha. Wanaouza safari za kulala waandike vilevile kama malazi yako ndani ya lango au nje, na kama gari ni la kuchangia.