James's si kosa, mwalimu

Mpwa wangu yuko Gredi ya 6. Wiki iliyopita alikuja na daftari lake la Kiingereza, na kwenye zoezi la umilikishi alikuwa ameandika: James's bag is under the desk. Mwalimu ameizungushia s ya mwisho kwa kalamu nyekundu, akamnyima alama, akaandika pembeni kwamba jina linaloishia na s linawekewa ritifaa (alama hii: ') tu, basi.

Limeniuma. Kanuni hiyo ni ya wingi. Boys, teachers, parents: hapo kweli ritifaa inakaa nyuma ya s na hakuna cha kuongeza. James si wingi, ni mtoto mmoja. Tena ukisema begi ni lake kwa Kiingereza, unasikia kabisa "jeimziz". Mtoto ameandika alichokisikia, na amepatia.

Wenye lugha wenyewe hawajaelewana. Mwongozo wa uandishi wa Chuo Kikuu cha Chicago unataka James's. Shirika la habari la Associated Press linataka James'. Mwaka 2006, katika kesi ya Kansas v. Marsh, Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika hata kwa hili: Jaji Clarence Thomas, akitoa uamuzi wa walio wengi, aliandika Kansas', naye Jaji David Souter, akiupinga, akaandika Kansas's. Hakuna aliyemkata mwenzake alama. Mashabiki wa mpira mnaujua uwanja wa Newcastle, St James' Park. Sasa nendeni London, mpande treni ya chini ya ardhi: kuna stesheni inaitwa St James's Park. Na kwenye laini ya Piccadilly, Earl's Court ina ritifaa, ilhali stesheni inayofuata ukielekea magharibi, Barons Court, haina.

Nadhani kanuni ya mwalimu ilitokea kanisani. Kuna desturi ya zamani ya kuandika Jesus' na Moses' bila s ya pili, na pengine mtu aliichukua akaitandaza juu ya kila James, Charles na Agnes wa darasani.

Kilichonikera zaidi kiko chini ya ukurasa uleule. Mtoto kaandika childrens' books, na kawekewa tiki. Tiki kubwa, yenye mkia! Children tayari ni wingi na haiishii na s, kwa hiyo ni children's, na hapo hakuna mwongozo unaobisha. Yaani sahihi imekatwa na kosa limepita, na mtoto amefunga daftari akiamini yote mawili. Mwaka kesho ataandika mens' na womens' kwa ujasiri, kama tunavyoona kwenye mabango ya maduka ya nguo mjini.

Watoto wetu si wageni wa alama hii. Wanaijua tangu ng'ombe na Murang'a, na darasani wamekaa na kina Ng'ang'a. Wanachohitaji ni kuelezwa kazi yake ya Kiingereza taratibu: the boy's shoes ni viatu vya mvulana mmoja, the boys' shoes ni vya wengi, na ritifaa ikihama hatua moja tu, wenye viatu wamebadilika. Zoezi zima lingekaa hapo, nisingekuwa na neno. (Its na it's nayaacha, yanataka siku yake.)

Nakubali, shingo upande, kwamba darasa linahitaji mtindo mmoja, na mwalimu ana haki ya kuuchagua. Akipenda James', sawa. Lakini awaambie wanafunzi tangu mwanzo kwamba amechagua, na kwamba anayeandika James's hajakosea. Muda utakaobaki autumie kwa men, women na children.