Kura za wasiopiga kura: nani hasa alimwangusha John Adams mwaka 1800?

Uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1800 husimuliwa kama hukumu ya wananchi. John Adams, rais wa pili, alitia saini Sheria ya Uchochezi, iliyofanya maandishi ya kuikashifu serikali kuwa kosa la jinai, mwaka 1798. Wahariri wakatiwa ndani, kodi zikaongezwa, jeshi likapanuliwa. Watu wakachoka, wakamweka Thomas Jefferson. Jefferson mwenyewe, uzeeni, mwaka 1819, aliyaita matokeo yale mapinduzi ya kweli, sawa na yale ya 1776.

Masimulizi hayo hayakosi ukweli. Ila yanairuka hesabu moja, na anayeifanya kwa kalamu na karatasi hawezi tena kulitamka neno "wananchi" kwa wepesi huo.

Rais alichaguliwa na wajumbe maalumu wa majimbo. Jefferson alipata wajumbe 73, Adams 65. Idadi ya wajumbe wa kila jimbo ilikuwa sawa na idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na maseneta wake wawili. Viti viligawiwa kwa idadi ya watu, na Katiba ya 1787 iliagiza kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Baada ya sensa ya 1790, sheria ya 1792 iliweka kigawanyo cha watu 33,000 kwa kiti. Mabaki yalitupwa.

Tuanze na Virginia, jimbo la Jefferson. Sensa ilikuta watu 747,610, na kati yao watumwa walikuwa 292,627. Walio huru, basi, 454,983. Chukua tatu ya tano ya watumwa, 175,576, uwajumlishe na walio huru: 630,559. Gawanya kwa 33,000, unapata viti 19, na maseneta wawili: wajumbe 21. Sasa rudia bila watumwa. Viti 13, wajumbe 15.

Pennsylvania ilikuwa na watu huru 430,636 na watumwa 3,737 tu. Ilipata wajumbe 15, na ingepata hao hao 15 hata kama watumwa wake wasingehesabiwa kabisa. Yaani watu huru wa Virginia waliwazidi wa Pennsylvania kwa elfu 24 na ushei, idadi isiyofikia hata kiti kimoja, lakini Virginia ilitangulia kwa wajumbe sita. Sita hao walitokana na watu ambao hawakupiga kura, hawakuruhusiwa kugombea, na kisheria walikuwa mali ya waliopiga kura. Nao Jefferson alimzidi Adams kwa wanane.

Endelea na majimbo mengine kwa kanuni ile ile. Carolina Kusini inapungukiwa wajumbe wawili, Georgia mmoja, Kentucky mmoja. Hata New York, iliyokuwa bado na watumwa 21,324, inapoteza mmoja, kwa sababu kiti chake cha kumi kilipatikana kwa kuvuka mstari kidogo tu. Ukijumlisha na sita wa Virginia, ni wajumbe 11, na wote walikuwa wa Jefferson. Maryland na Carolina Kaskazini zinapungukiwa wawili wawili, lakini huko kura ziligawanyika: Maryland tano kwa tano, Carolina Kaskazini nane za Jefferson na nne za Adams. Hatujui mipaka ya wilaya za uchaguzi ingechorwaje upya. Ukimpunguzia kila mgombea mjumbe mmoja kwa kila jimbo kati ya hayo mawili, Adams anabaki na 63 na Jefferson 60. Ili Jefferson ashinde, wajumbe hao wanne inabidi watolewe wote upande wa Adams.

Upande wa Jefferson una majibu yake, na si ya kudharauliwa. La kwanza ni kwamba kanuni ilijulikana na wote. Wafederalisti, chama cha Adams, walikuwa wameikubali, wakashinda chini yake mwaka 1796. Tena mgombea mwenza wa Adams, Jenerali Charles Cotesworth Pinckney wa Carolina Kusini, ndiye aliyesimama katika mkutano wa Katiba Julai 1787 kutaka watumwa wahesabiwe kikamilifu, si tatu ya tano. Chama kilichompa nafasi mtu huyo hakiwezi kujivika joho la utetezi wa watumwa.

La pili ni zito zaidi. Katika majimbo 16, ni matano tu yaliyowaachia wapiga kura kuchagua wajumbe: Rhode Island, Maryland, Virginia, Carolina Kaskazini na Kentucky. Kwingine mabunge ya majimbo yaliamua, na mabunge yalicheza. Huko Pennsylvania, ambako Jefferson alipata wajumbe 14 kati ya 15 mwaka 1796, Seneti ya jimbo iliyoshikwa na Wafederalisti ilizuia utaratibu wowote mpaka wakakubaliana kugawana nane kwa saba. Massachusetts iliwanyang'anya wapiga kura haki ya kuchagua kwa wilaya, ili kura zote 16 ziende kwa Adams. Na katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi wa msimu ule ule, Warepublikani wa Jefferson (chama ambacho si hiki cha leo chenye jina hilo) walipata zaidi ya viti 60 kati ya 106. Nayo ni sauti ya watu, ingawa mizani yake ilikuwa imetiwa uzito ule ule wa watumwa.

Lakini Virginia nayo ilikuwa imefanya mchezo wake mapema. Mwaka 1796 ilichagua kwa wilaya, na mjumbe mmoja akampigia Adams. Januari 1800 ikabadilisha sheria: mshindi wa jimbo achukue wote. Kwa hiyo wale sita wa ziada wakafungwa pamoja na wengine 15 katika furushi moja, na wapiga kura wa Adams ndani ya Virginia hawakuambulia hata mjumbe. Hila zilikuwepo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba hila ya Massachusetts ilichezea kura za watu wake huru, ilhali Virginia iliongeza hila yake juu ya uzito wa watu wasio na sauti kabisa.

Husemwa pia kwamba wanawake na watoto nao walihesabiwa bila kupiga kura. Ni kweli. Lakini mtoto wa mkulima wa Pennsylvania alipohesabiwa, aliyenufaika alikuwa mtu wa nyumba yake, mwenye sababu ya kumtakia mema. Mtumwa alipohesabiwa, uzito wake alikabidhiwa bwana wake, ambaye faida yake ilikuwa aendelee kuwa mtumwa. Kadiri bwana alivyonunua wengi, ndivyo jimbo lake lilivyozidi nguvu.

Wala haikuwa ajali. James Madison, Julai 19, 1787, aliuambia mkutano kwamba rais kuchaguliwa moja kwa moja na watu ndiyo njia ifaayo zaidi, lakini Kusini isingekuwa na nguvu katika uchaguzi wa namna hiyo kwa sababu ya watumwa wake. Mfumo wa wajumbe ulikuwa na sababu nyingine pia, ila tatizo hilo uliliondoa.

Ukimlinganisha Adams na Adams mwenyewe, hadithi ya kukataliwa inazidi kudhoofika. Mwaka 1796 alishinda kwa kura 71, na 12 kati ya hizo zilikuwa za New York. Mwaka 1800 New York yote ilimwacha. Toa New York katika chaguzi zote mbili: alikuwa na 59, akapata 65. Carolina Kaskazini alipanda kutoka mmoja hadi wanne. Alipoanguka hasa ni mahali pamoja, na palikuwa na fundi: Aaron Burr, mgombea mwenza wa Jefferson, aliyepanga orodha ya wagombea wenye majina makubwa, George Clinton na Horatio Gates wakiwamo, akalitwaa bunge la jimbo mwezi Mei. Alexander Hamilton, kiongozi wa Wafederalisti wa New York, alimwomba Gavana John Jay aliitishe bunge la zamani libadilishe kanuni kabla halijamaliza muda wake. Jay alikataa. Oktoba Hamilton huyo huyo akatoa kijitabu cha kumponda Adams, rais wa chama chake mwenyewe.

Na kosa lililomgawa Adams na wenzake lilikuwa amani. Alituma mabalozi Ufaransa badala ya vita ambavyo kundi la Hamilton lilivitaka, na mkataba wa Mortefontaine ukatiwa saini siku ya Septemba 30, 1800. Habari zilivuka bahari zikiwa zimechelewa. Sheria ya Uchochezi itabaki doa lake, wala simwondolei. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alikaa jela miezi minne kwa sheria hiyo, na Februari 1801, katika duru ya 36 ya kura za Baraza la Wawakilishi kati ya Jefferson na Burr waliokuwa wamefungana kwa 73 (kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutenga ya rais na ya makamu), ni yeye aliyeipeleka Vermont kwa Jefferson.

Kufungana huko kulirekebishwa haraka: Marekebisho ya 12 ya Katiba yaliridhiwa kufikia Juni 1804. Mwaka huo huo bunge la Massachusetts lilipendekeza watumwa wasihesabiwe tena katika kugawa viti, likisukumwa zaidi na maslahi ya Kaskazini kuliko huruma. Majimbo mengine yalikataa. Novemba, kwa sensa mpya na kigawanyo kile kile cha 33,000, Virginia ilikwenda na wajumbe 24, na Massachusetts yenyewe ikampa Jefferson wake wote 19.