"Jambo rafiki" na mimi mtu wa Tanga?

Jamani, hivi nyie mnapitaje Mji Mkongwe wa Zanzibar roho ikabaki? Nimeshuka boti, kibegi mgongoni, kichefuchefu cha bahari bado kipo kooni, papasi, wale vijana wanaowakimbilia watalii, huyu hapa, "Jambo rafiki, spaisi tua?" We kaka mi mtu wa Tanga! Namjibu Kiswahili yeye anakazana na Kiingereza, hakuna matata mara mia tatu! Nasimama niitazame Ngome Kongwe, Waomani waliijenga walipomtimua Mreno, ntaitazama saa ngapi na mtu keshanivalisha bangili? Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, sisi tutaurithi lini kwa amani? Kwenye urojo nako bei ya Mzungu. Nikamuuliza, dada, kwani mi nimejichubua? Akacheka weee, akaniongezea kachori.