Kiwanja cha Baba, Kodi ya Mwana

Mzee aliyejenga Dar es Salaam na kijana anayepanga humo humo wakianza kuzungumzia mali, hawachelewi kubishana. Mzee husema vijana wa leo hawana subira. Kijana hujibu kwamba wazee walijipatia ardhi kabla haijawa na bei. Naona kijana yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa hesabu yake ina pengo.

Sensa ya 1978 ilikuta watu 843,090 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Aliyenunua shamba la mikorosho Kimara au Mbezi katika miaka ya 1980, wakati huko kulikuwa bado kunaitwa shamba, hakuhitaji kufanya lolote ili thamani yake ipande, kwa kuwa mji wenyewe ulimfuata na barabara, umeme na wanunuzi. Mwanawe leo hutafuta kiwanja Chanika au Mlandizi, huku akidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na, kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo, akikatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni hilo.

Pengo la hesabu yake ni hili: wazee hao walipitia miaka ambayo sukari na sabuni zilipangiwa foleni, bei zikipanda hadi aliyeweka akiba benki akaikuta haina maana. Baba yangu mdogo alitumia miaka 11 kumaliza nyumba ya vyumba vinne, akinunua saruji mfuko mmoja mmoja na kufyatua matofali Jumamosi, jioni akiyamwagilia maji, na nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikashika kutu kabla ya kupata paa. Isitoshe, mali hiyo hailiki. Dawa zake za presha hutoka kwenye kodi ya vyumba vya uani, na kuiuza nyumba ni kuwatoa nje wajukuu watatu wanaokaa humo.

Kwa hiyo, tofauti inayonitia wasiwasi zaidi imo miongoni mwa vijana wenyewe, kati ya mwenye mzazi aliyejenga mjini na aliyeshuka kwenye basi kutoka mkoani bila hata ndugu wa kumpokea. Na taratibu zetu humwelemea huyu wa pili. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida ya mjini, iwe mahali ambapo ardhi imepanda bei mno au pembezoni kabisa. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuilipa, lakini kwenye nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji; asipopunguziwa pango, kijana asiye na kiwanja anailipia kodi nyumba ya mtu mwingine. Ingefaa kodi hiyo ifuate thamani ya kiwanja na idaiwe kwa mwenye hati, mstaafu asiye na kipato akipewa msamaha.