Mkutano wa mtaa, saa nne asubuhi, Jumanne!

Mkutano mkuu wa mtaa unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, tusomewe mapato na matumizi. Kwetu tangazo linapita usiku kwa kipaza sauti: kesho saa nne asubuhi. Jumanne! Nani hayuko kazini? Mwenyekiti anaingia saa sita, mtendaji anasoma mahesabu mbio mbio kama kondakta anayeita abiria. Ukiuliza hela ya mtaro imeishia wapi, unaambiwa subiri "mengineyo". Mengineyo yakifika, muda umekwisha. Ila karatasi ya mahudhurio haisahauliki hata siku moja! Ndiyo inayopelekwa kata kuonyesha tumeshirikishwa. Ubao wa matangazo nao una bango la kampeni lililochanika tu. Mahesabu yabandikwe pale, jamani. Gundi tutanunua wenyewe.