Waya Kuingia Hakumaanishi Unafaa

Nimechoka na ushauri huu: ukikosa waya wa umeme wa diski ya pili ya kompyuta, chukua wa pawa saplai nyingine yoyote (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), mradi unaingia. Ushauri huo unaua diski, na mara nyingi hauui ile mpya peke yake.

Nasema pawa saplai zenye nyaya za kuchomoa. Upande unaochomekwa kwenye diski una kanuni: plagi ya SATA, aina inayotumiwa na diski hizi, ina pini 15, na volti 5 na 12 kila moja ina pini zake tatu, popote uendapo. Upande wa pili, unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe, hauna kanuni. Kila kampuni inapanga pini inavyotaka. Tundu linafanana, waya unaingia na kulia "ka!" kama kawaida, kumbe pale ambapo hii imeweka volti 5, ile imeweka 12. Hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Ukiwasha, volti 12 zinapita njia ya volti 5. Diski nyingi zina diodi ndogo ya ulinzi kwenye saketi yake. Ukibahatika, diodi hiyo inapiga shoti, pawa saplai inajizima, na fundi anaweza kuiokoa diski. Usipobahatika, zinaungua chipu, pengine hadi ile iliyo ndani kabisa, pamoja na vichwa vya kusomea. Wala usidhani utanunua saketi ya modeli hiyohiyo na kuifunga. Katika diski nyingi za sasa, chipu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu kwenye saketi) imebeba vipimo vya diski hiyo moja tu, kwa hiyo lazima ihamishwe kwa kuchomelewa.

Kinachouma zaidi ni kwamba waya mmoja huwa na plagi tatu au nne. Mtu anaongeza diski ya kuhifadhia nakala, anaipachika pamoja na ya zamani kwenye waya huohuo wa kuazima, anawasha, na nakala na asili vinakufa kwa pamoja. Sekunde moja!

Haya, nakubali wapo waliochanganya nyaya na hakikutokea kitu. Baadhi ya kampuni hutengenezewa pawa saplai na kiwanda kimoja, mpangilio ukalingana. Lakini umbo la plagi halikuambii hilo, na rangi hazisaidii siku hizi, nyaya nyingi ni nyeusi tupu.

Kwa hiyo nyaya za ziada zifunge pamoja na uandike modeli ya pawa saplai yake. Ukinunua nyingine, nunua iliyotajwa kwa modeli yako hasa. Ukiwa na shaka, chomeka waya bila diski, washa, upime kwa multimita: njia ya 5 isome kati ya 4.75 na 5.25, ya 12 kati ya 11.4 na 12.6, kila moja mahali pake kwenye plagi. Kisha zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo ufunge diski.

Adapta za Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, ziache. Nyaya zikigusana humo ndani, zinawaka moto. Usirundike diski nyingi kwenye waya mmoja pia, maana diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta takriban ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka. Skrubu za diski hizo ni nene kuliko za inchi 2.5, usizilazimishe.

Diski isipoonekana, angalia BIOS kwanza, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows kuwaka. Isipokuwepo hata huko, soma kitabu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta): mazabodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA ukiweka diski ya M.2, ile bapa inayochomekwa kwenye bodi yenyewe. Ikiwa BIOS inaiona lakini Windows haiionyeshi, fungua diskmgmt.msc (zana ya Windows ya kupanga diski), iandae kwa mpangilio wa GPT, kwa sababu ule wa zamani, MBR, hauvuki TB 2. Kabla ya kubonyeza kukubali, linganisha namba na ukubwa wa diski uliyoichagua. Na kama diski hiyo ilikuwa na mafaili tayari, usikubali kuiandaa upya hata ukiombwa. Chomoa, kagua waya, jaribu tundu jingine.